Simu ilale sebuleni: mwongozo wa wiki 6 kwa nyumba yenye kijana aliyezama mitandaoni

Kumnyang'anya mtoto simu ndilo wazo la kwanza linalomjia mzazi, na ndilo linaloharibika haraka kuliko yote. Siku ya kwanza kijana ananuna. Siku ya tatu anaperuzi kwa simu ya rafiki, au kwa ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka aliyoificha chini ya godoro, akidandia Wi-Fi ya jirani. Siku ya saba mzazi amechoka na mnuno, anairudisha bila sharti lolote, na mtoto ameshajifunza kwamba kununa kwa wiki moja kunalipa.

Njia iliyoelezwa hapa inaanzia kwingine: usiku. Kabla ya kugombana juu ya saa za mchana, ya video gani ni mbaya na rafiki gani hafai, nyumba nzima inashughulikia jambo moja tu, simu ilale wapi. Sababu ni ya kiutendaji. Mchana kijana yuko shuleni, dukani, mtaani, na huwezi kumfuata. Usiku wote mko chini ya paa moja. Tena, kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na akilala tano kwa wiki kadhaa huwezi kujua kama hasira, uvivu na machozi yake yanatoka kwenye mtandao au kwenye usingizi uliopotea. Rudisha usingizi kwanza, ndipo uone nini kimebaki.

Kabla ya kuliita uraibu

Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, inautambua uraibu wa kucheza kamari na ule wa michezo ya video. Uraibu wa mitandao ya kijamii haumo kwa jina hilo, wala haumo katika DSM-5, kitabu cha Wamarekani cha magonjwa ya akili cha mwaka 2013. Kwa hiyo anayekuuzia "dawa ya uraibu wa TikTok" anakuuzia maji. Lakini wataalamu wengi hutumia vigezo sita alivyovipanga mwanasaikolojia wa Uingereza Mark Griffiths mwaka 2005, na mzazi anaweza kuvitumia nyumbani bila shida:

1. Jambo hilo limetawala mawazo. Hata akila, akisali au akiwa darasani, akili iko kwenye simu.
2. Analitumia kubadili hisia. Akigombezwa, akifeli, akiwa mpweke, mkono unaenda mfukoni wenyewe.
3. Kiasi kinapanda. Nusu saa ya zamani haimtoshelezi tena.
4. Akilikosa anapata arosto: hasira, kutotulia, kukosa usingizi.
5. Linagombanisha, iwe na wazazi, masomo au marafiki, au yeye na nafsi yake.
6. Akiacha, anarudi palepale, tena kwa kasi ileile.

Kimoja au viwili ni maisha ya kila mwenye simu, wazazi wakiwemo. Vinne au zaidi, kwa miezi, huku shule au afya ikidorora, ni jambo la kushughulikia. Na tafadhali, usimwite mtoto "teja wa simu" mbele za watu. Jina hilo likishakaa, analivaa.

Hatua ya 1: Pimeni siku 7, bila kukataza chochote

Wiki ya kwanza hakuna sheria mpya, kuna daftari tu. Pimeni watu wote wenye simu nyumbani, baba na mama wa kwanza, na mtoto ajue kwamba mnapima. Upimaji wa siri ukigundulika unaua mazungumzo yote yatakayofuata.

Kwenye simu nyingi za Android, ingia "Settings" utafute "Digital Wellbeing". Usipoiona kwenye orodha, andika neno hilo kwenye kisanduku cha kutafutia kilichopo juu. Kwenye iPhone ni "Screen Time". Kila jioni andikeni mambo manne: muda wa kila programu, mara ngapi simu imefunguliwa, muda uliotumika baada ya saa 4 usiku (gusa jina la programu, ukiruhusiwa chagua mchoro wa saa kwa saa), na pesa ya bando. Mstari mmoja wa daftari unatosha:

*Jumanne. TikTok saa 3 dk 40. WhatsApp saa 1 dk 10. YouTube dk 50. Imefunguliwa mara 112. Baada ya saa 4 usiku: saa 1 dk 50. Bando: 1,500.*

Jumla kubwa inadanganya. YouTube inayocheza kaswida au taarabu huku binti anafua imehesabiwa kama saa mbili, lakini hakuna aliyeitazama. Kundi la WhatsApp la darasa wiki ya mitihani si sawa na kuskroli. Namba zinazosema ukweli ni mbili: muda wa baada ya saa 4 usiku, na mara ngapi simu inafunguliwa. Aliyefungua simu mara 150 kwa siku, hata kama jumla yake ni saa mbili tu, amekatwa umakini vipande 150.

Kuhusu kiwango: tamko la Mganga Mkuu wa Marekani la Mei 2023 lilitaja saa 3 kwa siku kuwa mpaka ambapo, kwa vijana wanaouvuka, hatari ya dalili za sonona na wasiwasi ilionekana kuwa mara mbili. Huo ni uhusiano. Haujathibitisha kwamba simu ndiyo iliyoleta sonona, kwani kijana mwenye huzuni naye hukimbilia simu. Chukua saa 3 kama taa ya njano.

Hatua ya 2: Tambueni kinachomshika yeye

Vijana hawashikwi na kitu kimoja, na dawa hutofautiana.

Kuna anayeshikwa na video zisizoisha. Ukurasa usio na mwisho ulibuniwa mwaka 2006 na mbunifu wa programu Aza Raskin, ambaye baadaye alijutia hadharani. Zamani ulifika chini ya ukurasa ukabonyeza "inayofuata", na hapo akili ilipata nafasi ya kusema basi. Nafasi hiyo imeondolewa. Video tano hazina maana, ya sita inachekesha mpaka machozi. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha zamani kwamba zawadi isiyojulikana itakuja lini humshika mnyama kuliko zawadi ya uhakika, na mashine za kamari zinaendeshwa kwa kanuni hiyohiyo.

Kuna anayeshikwa na watu. Huyu haangalii video sana, anaangalia nani ametazama status yake, nani kaweka laiki, kwa nini tiki zimekuwa za bluu na jibu halijaja. Kwenye Snapchat kuna hesabu ya siku mfululizo ambazo marafiki wawili wametumiana picha. Ikipita siku bila kutumiana, hesabu inarudi sifuri. Kijana anaamka usiku wa manane kuilinda, si kwa sababu ana la kusema.

Wa tatu anashikwa na pesa: mikeka ya kubeti mechi, mchezo wa kamari wa kindege, makundi ya Telegram ya "odds za uhakika", zawadi kwenye mubashara. Huyu ana sehemu yake huko chini, maana kwake mtandao ni mlango na kamari ndiyo chumba.

Muulize moja kwa moja: "Ukiikosa simu siku nzima, unakosa nini hasa?" Jibu lake lina thamani kuliko namba zote za daftari.

Hatua ya 3: Kikao cha dakika 20

Jumamosi au Jumapili mchana, baada ya chakula. Si usiku baada ya ugomvi, na si siku ya matokeo ya mtihani. Kama kijana humsikiliza zaidi mjomba au shangazi, aitwe, lakini asije kama hakimu.

Mzazi anaanza na daftari lake mwenyewe. "Mwanangu, mimi wiki hii nimekaa Facebook saa mbili kwa siku, na Alhamisi nimelala saa 7 usiku. Sijapenda. Hebu tuone na lako." Sentensi hiyo inafungua masikio kuliko mahubiri ya nusu saa. Kinachofunga masikio ni kulinganisha: "Mbona mtoto wa mama fulani anasoma?"

Kikao kizae karatasi moja yenye sheria zisizozidi tano, na angalau moja iwe imetoka kinywani mwa kijana. Sheria iandikwe kwa saa na mahali. "Usitumie simu sana" haipimiki. "Saa 3:30 usiku simu zote ziko kwenye kikapu juu ya kabati la sebuleni" inapimika. Andikeni pia nini kitatokea ikivunjwa, na kiwe kidogo: siku moja bila bando, si mwezi. Adhabu ya mwezi mzima haijawahi kumaliza mwezi katika nyumba nyingi.

Hatua ya 4: Usiku (wiki ya 2 na ya 3)

Hapa ndipo pa kuweka nguvu zote. Vifaa vinavyohitajika: kikapu au sahani pana, kebo ya soketi yenye nafasi za kutosha chaja zote, na saa ya mezani yenye kengele. Saa hiyo usiidharau. Kisingizio cha kwanza cha kila kijana ni "naitegemea kwa alamu", na ukikijibu kwa saa ya mezani, mjadala unaishia hapo.

Mahali pawe wazi, mbali na vyumba vya kulala. Kama familia inalala chumba kimoja, kama ilivyo kwa wengi wanaopanga mjini, kikapu kikae upande wa mzazi, simu zikiwa zimezimwa kabisa. Kuzima sauti pekee hakutoshi. Mwanga wa kioo na mtetemo vinatosha kumwita.

Pangeni hivi. Saa 3:00 usiku, tahadhari ya mdomo: dakika 30 zimebaki, mtu amalize anachochati na kuaga. Saa 3:30 simu zote zinaingia kikapuni, zikiwemo za wazazi. Saa 4:00 taa. Asubuhi simu zinatoka baada ya kuoga na kunywa chai, si kabla. Mzazi ambaye kazi yake inamlazimu kupatikana usiku, kama nesi wa zamu au dereva, aweke laini yake kwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, na simu janja iende kikapuni pamoja na nyingine. Mzazi akijitoa kwa kisingizio cha "mimi ni mtu mzima", mpango huu hufa kabla ya Ijumaa.

Mambo yanayoharibika, na kwa nini:

Bando la usiku. Kampuni za simu huuza bando nafuu la kutumika kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Kwa mwenye 500 mfukoni, hapo ndipo MB zinapotosha, kwa hiyo anakesha ili asipoteze. Kijana wa namna hii anafuata bei, na kumgombeza hakubadilishi bei. Badilisha bajeti: mnunulie bando dogo la wiki la mchana, ufute sababu ya kukesha.

Simu ya pili. Kikapuni kuna simu, lakini haina laini, au ni ile iliyokufa betri mwezi uliopita. Usifanye upekuzi wa kipolisi. Linganisha tu: kama daftari linasema analala saa 4 na asubuhi haamki, muulize kwa utulivu. Kuangalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye Wi-Fi, kama mnayo nyumbani, kunatoa jibu la haraka. Ruta nyingi pia huruhusu kuzima mtandao kwa saa maalumu.

"Nasoma." Vitini vinatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na mara nyingi ni kweli. Suluhisho ni kuvipakua kabla ya saa 3 na kuvichapisha stesheneri, au kuvisomea mezani sebuleni data ikiwa imezimwa.

Kukosa usingizi siku za kwanza. Mwili uliozoea kulala saa 8 usiku hautalala saa 4 kwa amri. Siku tatu hadi saba atagaagaa kitandani. Mpe kitabu, redio ya sauti ya chini, au mruhusu aketi na bibi azungumze. Asiamke kuchelewa Jumamosi zaidi ya saa moja kupita kawaida, na mchana asilale zaidi ya dakika 30, la sivyo mnarudi mwanzo.

Arosto

Wiki ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, na wazazi wengi huachia hapa wakidhani mpango umeshindwa. Tabia iliyozoea kulipwa ikikosa malipo huwaka kwanza kabla ya kuzima. Mtoto anayebembeleza kwa kawaida ataanza kupiga kelele. Anayepiga kelele ataanza kubamiza mlango. Ukirudisha simu katikati ya kelele, umemlipa kwa kelele, na zijazo zitakuwa kubwa zaidi. Jibu ni fupi na halibadiliki: "Najua inauma. Asubuhi utaipata." Kisha ondoka, msibishane.

Vitisho vya kujidhuru si kelele. Hivyo havisubiri, tazama sehemu ya msaada.

Hatua ya 5: Mipangilio ya simu (wiki ya 3 na ya 4)

Sasa usingizi umeanza kurudi, shughulikieni mchana. Kaa naye, simu iwe mkononi mwake, vidole vyake ndivyo vibonyeze.

Anza na arifa. Acheni simu za kawaida, SMS, ujumbe wa pesa na wa WhatsApp wa mtu binafsi. Zimeni zote za TikTok, Instagram, Facebook, Snapchat na YouTube. Makundi ya WhatsApp yote yanyamazishwe. Kazi hii ya dakika kumi inaweza kupunguza idadi ya kufungua simu. Kwenye WhatsApp hiyohiyo, kwa yule anayeteswa na tiki za bluu, zima risiti za kusomwa. Naye hataona za wengine, na ndiyo faida yake.

Kwenye YouTube zima uchezaji wa video moja baada ya nyingine. Kwenye TikTok kuna sehemu ya kuanzisha upya ukurasa wa "For You", ndani ya mapendeleo ya maudhui: ikibonyezwa, mashine inasahau ilichojifunza juu yake. Wiki mbili za kwanza baada ya hapo ukurasa unachosha. Ndivyo inavyotakiwa.

Ondoeni rangi. Kwenye Android hali ya kulala ina kitufe cha kugeuza kioo kuwa kijivu. Kwenye iPhone kiko kwenye "Accessibility", upande wa vichujio vya rangi. Video ya vipodozi ikiwa kijivu haina mvuto.

Kisha mipaka ya muda. Hapa pana mtego. Kipima muda cha Digital Wellbeing hakina nywila: programu inafungwa muda ukiisha, lakini mwenye simu anaiondoa kwa sekunde tano. Ni uzi uliofungwa mlangoni, unamfaa kijana aliyekubali mwenyewe. Kwa mdogo zaidi, tumia Family Link ya Google, ambayo huongozwa kutoka simu ya mzazi: muda wa siku, saa za kulala, na idhini kabla ya kupakua programu. Inahitaji mtoto awe na akaunti ya Google yenye umri wake wa kweli, na simu yake iwe na data ili mabadiliko mapya yafike. Kwenye iPhone weka nywila ya Screen Time tofauti na ya kufungulia simu, na hakikisha umewasha kufunga muda ukiisha; usipowasha, anaona kitufe cha kupuuza na anakipuuza.

TikTok yenyewe huweka dakika 60 kwa siku kwa akaunti za walio chini ya miaka 18, na huacha kuwatumia arifa za usiku, kuanzia saa 3 kwa wa miaka 13 hadi 15 na saa 4 kwa wa 16 na 17. Instagram tangu Septemba 2024 ina akaunti za vijana, zenye hali ya usingizi ya saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi. Yote hayo yanategemea zaidi mwaka wa kuzaliwa aliojaza. Mtoto wa darasa la saba aliyejiandikisha kuwa kazaliwa 1998 anahesabiwa mtu mzima, na kinga hizo huenda zisimguse. Angalieni hilo kabla ya kitu kingine. Likiwa hivyo, tegemeeni vidhibiti vya simu yenyewe.

Hatua ya 6: Jazeni pengo, hasa likizo

Kwa Tanzania na Kenya tatizo lina msimu wake. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu. Mtoto anakaa miezi bila hata kuigusa, halafu anafungua likizo kama aliyetoka mfungoni, saa kumi kwa siku. Mbaya zaidi ni miezi ya kusubiri baada ya kidato cha nne: mtihani umeisha Novemba, na kidato cha tano Tanzania huanza karibu Julai. Zaidi ya nusu mwaka bila ratiba, bila marafiki wa bweni, na simu mpya aliyozawadiwa kwa kumaliza shule.

Usimpe simu hiyo siku ya kwanza bila karatasi ya sheria. Na panga siku kwa vipande: asubuhi iwe ya kazi ya mikono au mafunzo (udereva, kushona, kompyuta, kusaidia dukani, madrasa, kwaya), alasiri iwe ya mwili, mpira au kuogelea au hata kutumwa sokoni kwa miguu, na simu ipate dirisha lake, tuseme saa 11 hadi saa 1 jioni. Kijana asiyepewa dirisha huiba, na anayeiba huiba mengi.

Mpe mbadala wa hisia pia. Tengenezeni sentensi moja ya "nikiona... nitafanya": "Nikipata hamu ya kuskroli baada ya kugombezwa, nitatoka nje nizunguke nyumba mara mbili ndipo niamue." Inaonekana ya kitoto. Inafanya kazi kwa sababu uamuzi umeshafanyika kabla hamu haijafika.

Na kwa wadogo: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Simu inayotumika kama yaya wakati mama anapika leo ndiyo mnayogombania miaka kumi ijayo. Mpe sufuria na mwiko apige ngoma.

Mzazi akiwa mbali

Familia ambayo mama yuko Oman au Saudia kikazi haiwezi kufuata kila kitu hapo juu. WhatsApp ndiyo mama. Hapa weka saa maalumu ya kupiga video, kwa mfano saa 2 usiku, na iwe kabla ya kikapu. Mama asitumie ujumbe wa sauti usiku wa manane, hata kama ndipo anapomaliza kazi, autume asubuhi. Bibi anayelea asiachiwe ulinzi wa programu asizozijua. Yeye alinde kikapu tu, na mama aendeshe Family Link kutoka huko aliko.

Pesa ikiingia

Dalili za kamari ni tofauti: salio la simu linalopotea, mkopo wa salio au wa pesa kwa simu usiolipwa, vitu vya nyumbani vinavyouzwa, furaha ya ghafla ikifuatiwa na siku mbili za ukimya. Umri wa kubeti kisheria ni 18 Kenya na Tanzania, na 25 Uganda. Kijana wa miaka 16 mwenye mkeka anatumia namba ya mtu mwingine. Tafuta ni ya nani.

Usimlipie deni lote mara moja, maana atasoma kwamba nyumbani kuna bima. Orodhesha madeni, lipa kwa awamu moja kwa moja kwa mdai, na pesa ya matumizi impitie mtu mwingine kwa miezi mitatu. Futeni programu, tokeni kwenye makundi ya Telegram ya utabiri, na ombeni kampuni ifunge akaunti.

Lini kutafuta msaada

Msisubiri wiki 6 kama kijana anasema hataki kuishi, anajikata, hataki kula, hajaenda shule wiki nzima, anapiga watu, au anatumia dawa za kulevya. Vilevile kama anatishiwa kusambaziwa picha za utupu: msimlipe anayetisha, msifute mazungumzo, pigeni picha za skrini, mzuieni, mripoti polisi. Huduma ya Take It Down husaidia kuziondoa mitandaoni picha za aliye chini ya miaka 18 bila kuipakia picha yenyewe.

Namba ya msaada kwa mtoto ni 116, bure, Tanzania, Kenya na Uganda. Kenya kuna pia 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kwa masuala ya uraibu. Kwa daktari wa akili, anzeni hospitali ya mkoa au ya kaunti, ambayo itawaelekeza; hospitali kubwa zenye huduma hiyo ni Mirembe Dodoma, Muhimbili Dar es Salaam, Mathari Nairobi na Butabika Kampala. Nendeni na daftari. Kurasa mbili za saa za usiku na za usingizi zinamsaidia daktari kuliko "anashinda kwenye simu, dokta".

Wiki ya 6: Pimeni tena

Siku saba zilezile, mambo manne yaleyale, watu walewale. Muda wa baada ya saa 4 usiku ukishuka chini ya dakika 15, mpango umeshika, hata kama jumla ya mchana bado inawakera. Ukiwa umeshuka nusu tu, rudieni hatua ya 4 kabla ya kuongeza sheria yoyote. Usiposhuka kabisa, kuna simu ya pili, au kuna mtu mzima ambaye simu yake haiingii kikapuni.

Tarajieni kuteleza, hasa wiki ya sikukuu na ya kwanza ya likizo. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London wa mwaka 2010 ulikuta tabia mpya huchukua siku 66 kwa wastani kuwa mazoea, na kwa wengine zaidi ya 250. Kukosa siku moja hakukuharibu. Usiku mmoja uliovunjwa unarekebishwa usiku unaofuata, saa 3:30, kikapu kilekile. Karatasi ya sheria ibandikwe upya ikiwa na tarehe, na sheria iliyoshindwa ifutwe, isibaki ukutani kama pambo.

Akimaliza miezi mitatu bila kugombania kikapu, muongezee dirisha la mchana kwa nusu saa, mwishoni mwa wiki kwanza. Saa ya mezani ibaki.